Shingo ya Kaka Elia

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Nilikuwa na nguvu zangu, nabeba kabichi kichwani kutoka bondeni hadi barabara ya Mlalo. Sisi wabebaji, shingo ikikaza tulikwenda kwa Bi Nuru, mkandaji wa kijijini. Mtu anakushika mabega, yeye anakuvuta kichwa mpaka shingo ilie, unarudi shambani unacheka.

Kaka yangu Elia, mwalimu, figo zake zilishakufa, na kwa miaka mingi alikuwa akisafishwa damu kwa mashine huko Tanga. Alipopanda nyumbani huku milimani kwa mazishi ya baba mdogo, alilalamika shingo inamuuma, vidole vina ganzi, miguu mizito. Tukamtania kwamba ualimu umemlegeza. Mama akamwita Bi Nuru.

Nilishamshika mabega. Bi Nuru alishaweka viganja chini ya kidevu. Elia akaomba kwanza ampigie simu muuguzi wake, amwambie kesho atachelewa kwa sababu ananyooshwa shingo. Sauti ya yule muuguzi tuliisikia wote.

"Mwalimu, asikuguse mtu shingoni. Teremka leo hii."

Nilimsindikiza hadi Tanga. Daktari akatuonyesha picha. Mifupa ya shingo ilikuwa imelika! Akatueleza kwamba kuna protini ambayo mashine haiitoi vizuri kama figo. Miaka ikipita inaganda kwenye viungo, inakula mifupa ya shingo, na mwisho inabana uti wa mgongo.

"Mngemvuta," alisema, "angepooza mikononi mwenu."

Nikakaa sakafuni, mwanangu. Sikuona aibu.

Alipasuliwa, na anatembea. Ila vidole vya mkono wa kulia havikurudi. Ganzi ile alikuwa ameivumilia miezi mingi, kliniki anakwenda kila wiki na hasemi, akidhani ni uchovu. Leo hashiki chaki.

Basi nisikilize. Ukiwa na ndugu wa mashine, usimpimie maumivu yake kwa maumivu ya shamba. Muulize shingo, muulize mikono, na akisema ganzi, mpeleke kwa wanaomtibu kabla hujamgusa. Kumkanda kunaweza kungoja. Mungu akutunze wewe na wako, na siku mkono wako utakapotaka kusaidia kwa haraka, akutumie mtu wa kukuzuia.