Kofia ya Msumeno Ukutani kwa Bosi

Dada yangu hasamehi. Nasema hilo mapema ili usije ukamhurumia bosi bure. Tulipokuwa wadogo, jirani alimsingizia kwamba kaiba kuku. Kuku akaonekana siku ileile, lakini dada alikaa miaka miwili haitikii salamu ya yule mama. Ukimwona utasema mpole, sauti yake haivuki mlango. Thubutu! Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Anafagia karakana ya mbao, mwaka wa kumi na moja huu. Ndiye aliyenitafutia kazi hapohapo, kwenye msumeno wa duara. Msumeno ule una kinga yake ya chuma, sisi twaiita kofia, inayofunika meno ili mkono usiingie. Tatizo la kofia ni kwamba inachelewesha kazi. Kwa hiyo bosi aliivua zamani, akaitundika kwenye msumari ofisini, nyuma ya kiti chake. Kukisikika tu kwamba mkaguzi wa usalama yuko njiani, bosi anapiga kelele, "Mvisheni kofia!" nasi tunakimbilia spana. Mkaguzi akiondoka, kofia inarudi msumarini. Tulikuwa tunacheka, eti msumeno wetu nao una nguo za kutokea. Wajinga ndio waliwao.

Jumanne moja ubao ulikuwa na fundo. Msumeno ukalikamata, ukauvuta ubao, na mkono wangu wa kulia ukafuata. Vidole vitatu. Yaliyobaki siyasimulii.

Mimi bado niko wodini, bosi kaifunga kofia kwenye msumeno, kisha kajaza ile fomu ya ajali ambayo kila mwajiri lazima aipeleke serikalini. Akaandika kwa macho makavu kwamba mfanyakazi alikuwa mkaidi, aliivua kinga mwenyewe bila ruhusa, na ikarudishwa baada ya ajali. Wenzangu wawili wakatia sahihi kuwa mashahidi. Mmoja alikuja kuniona akainamisha kichwa: "Tuna watoto, ndugu yangu." Maneno yale yangekubaliwa, fidia ningeisikia kwa wengine, na nani angemwajiri fundi mkaidi mwenye vidole viwili?

Nilimweleza dada nikilia. Yeye hakulia. Aliuliza jambo moja tu:

"Hiyo kofia sasa itabaki kwenye msumeno?"

"Itabidi ibaki mpaka wamalize uchunguzi."

"Vizuri," akasema, akaendelea kunimenyea chungwa.

Sikuelewa. Nilikuja kuelewa siku mkaguzi alipofika, mama mmoja wa miwani asiye na haraka. Tulikaa ofisini kwa bosi, mimi na bandeji yangu. Bosi alikuwa ameegemea kiti, nyuma yake ukutani kuna kalenda kubwa.

"Mama, kofia hii haijawahi kutoka kwenye mashine tangu niinunue," akaapa. "Huyu bwana ndiye aliyeivua, siku hiyo moja. Mkono wake, ujeuri wake."

Damu ilinichemka. Ningekuwa na ngumi ningempiga, lakini ngumi yenyewe ndiyo hiyo sina.

Hapo dada akaingia na kitambaa chake cha vumbi. "Samahani, mama mkaguzi. Naomba kupangusa nyuma ya kalenda."

"Sasa hivi?" bosi akafoka. "Huoni tuna wageni?"

Dada alikwisha kuishusha. Ukuta wa ofisi ni wa rangi ya maziwa. Nyuma ya kalenda palikuwa na alama ya buluu, nusu duara yenye sikio moja upande, na msumari juu yake.

"Naomba hiyo kofia ifunguliwe iletwe hapa," dada akasema kwa sauti yake ileile ya chini.

Mkaguzi akamwangalia, akaitikia kwa kichwa. Aliyeagizwa kuifungua ni yuleyule shahidi mwenye watoto. Akaileta, akaitundika kwenye msumari. Ikakaa juu ya ile buluu kama mguu kwenye kiatu chake.

"Ofisi hii ilipakwa rangi lini?" mkaguzi akauliza.

Bosi akaanza kupekua droo.

"Mwaka jana, mama," dada akajibu. "Mimi ndiye niliyemshikia fundi ngazi. Fundi alitaka kuishusha kofia kwanza, bosi akamwambia apite pembeni, asimpotezee muda. Buluu hiyo ndiyo rangi ya zamani."

"Huyu ni mfagizi tu!" bosi akapayuka.

"Na ukuta je, nao ni mfagizi?" mkaguzi akamwuliza.

Loo! Nilicheka mpaka mshono ukaniuma. Na utamu wenyewe ni huu: kofia ilipoondoka, bosi hakuijali ile alama kwa sababu anaipa mgongo kutwa. Dada aliiona asubuhi ya kwanza. Akaogopa isije ikapakwa rangi, akatundika kalenda, na bosi akamshukuru kwa kumpambia ofisi!

Mashahidi waliigeuza kauli palepale. Fidia yangu ikapita, msumeno ukafungwa, bosi akashtakiwa kwa kuvua kinga na kudanganya kwenye fomu. Mkaguzi akaagiza ukuta usiguswe hadi kesi iishe. Miezi saba bosi alikaa chini ya ile alama, na kila asubuhi dada aliipangusa taratibu, bosi akiwa hapohapo kitini. Kumfukuza hakuthubutu, jicho la mkaguzi lilikuwa juu yake.

Bosi akaja nyumbani kwetu jioni moja. "Dada, tuyamalize kindugu."

"Ndugu yangu ni huyu," dada akamjibu, akanionyesha. "Hesabu vidole vyake, halafu uniite dada tena."

Kesi ikaisha, bosi akahukumiwa, karakana ikauzwa. Asubuhi ya pili yake dada alikuwa ananifunga vifungo vya shati, kama kila siku tangu nitoke hospitali. Nikamwuliza, "Sasa umeridhika?"

"Wewe unaweza kufunga vifungo mwenyewe?"

"Bado."

"Basi na mimi bado," akasema, akafunga cha mwisho.