Kitabu Alichokinyoosha

Watu walimwita Gundi, naye aliitika, maana vidole vyake havikuwahi kutakata. Miaka ishirini na sita alijalidi vitabu katika chumba cha nyuma cha maktaba, juu ya meza iliyochanjwa kisu kama gogo la mchinja nyama. Vitabu alivijua kwa migongo yake. Kuvisoma, hapana.

Siku moja akaingia mwalimu wake wa darasa la tatu, sasa mjane, macho yanamfifia. Alibeba mfuko wa karatasi zilizoachana moja moja. Mchwa walikuwa wamekula pembe za chini zote, pale penye namba.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Riwaya hii ilinishinda mara mbili ujanani. Mara ya tatu marehemu mume wangu alinisomea, nikaielewa. Daktari amenipa macho ya miezi mitatu. Nataka niisome mwenyewe mpaka mwisho."

"Wiki tatu tu. Itarudi imepambwa kama bi harusi."

Alipoanza kuzipanga akashangaa. Mtu anazikwa kwenye karatasi za mwanzo, mbele kidogo anaota meno, halafu ana mvi. Kila sura ilianza kwenye karatasi yake, bila namba wala jina. Gundi akaamini karatasi zimevurugika mfukoni. Angeweza kuuliza, lakini ndiye aliyekuwa akisimamishwa mbele ya darasa kwa kushindwa kusoma, na alitaka Mwalimu aone kwamba sasa anaweza. Kila mchana, mkate mkononi, akaisoma yote, kidole chini ya mstari. Akampangia yule mtu maisha yake: kuzaliwa, shule, ndoa, vita, uzee, kaburi. Akashona, akagandisha, akakata kingo, akavika jalada jekundu.

Akampelekea nyumbani. Mwalimu akasogeza lenzi, akasoma mistari michache, akarukia mwisho, akarudi mwanzo.

"Mbona anazaliwa?"

"Nilikinyoosha, Mwalimu. Kilikuwa kimevurugika."

"Hakikuvurugika. Ndivyo kilivyoandikwa. Anakufa kwanza, ili kila tukimwona anacheka tuwe tunajua. Na kinaishia utotoni, mama yake anamwita aingie ndani, chakula kinapoa. Mume wangu alipofika hapo sauti ilimkauka."

"Ungeniambia tu, Mwalimu."

"Ningejuaje kama utakisoma? Mistari minne nilikubembeleza mwaka mzima."

Alikaribia kucheka, kisha akafunika jalada.

Gundi alikata nyuzi zake mwenyewe. Alitafuta nakala nyingine kwenye kila rafu aliyoijua, akamwandikia mchapishaji barua. Huyo alikwishafunga milango zamani. Basi ikawa kila alasiri wanatandaza sura arobaini na moja kitandani kwa Mwalimu. Ya kwanza aliikumbuka, na ya mwisho. Katikati walipata tisa zenye uhakika. Nyingine alizikubali leo, kesho akazikataa.

Macho hayakungoja miezi mitatu. Wiki ya sita yalizima.

Sasa Gundi akawa anamsomea, polepole, kama zamani mbele ya ubao. "Hapana," alikuwa akisema Mwalimu, "si hii inayofuata." Gundi akachukua nyingine. "Wala si hii." Kisha zikaja siku ambazo hakusema hapana, na Gundi hakujua kama amepatia au bibi wa watu amechoka.

"Leo soma yoyote," alimwambia alasiri moja.

"Nikusomee ya mwisho, Mwalimu? Ile tunaijua."



"Ile haisomwi hivi hivi, mwanangu. Mpaka upite kote kule ndipo inakuwa mwisho. Ukiisoma peke yake, ni mama tu anaita mtoto."

Akageukia ukutani, akavuta shuka mpaka begani. Gundi akabaki na karatasi mkononi, kidole chini ya mstari wa kwanza, kama anayesubiri kuambiwa akae.