Ndugu wa Kisiwa Kizima

Harufu ya kamongo aliyekaushwa kwa moshi huniharibia siku. Wenzangu wakiisikia sokoni Bukoba humeza mate. Mimi hukunja pua na kuhamia upande wa nyanya, ingawa utotoni hakukuwa na samaki niliyempenda kuliko huyo. Nitakueleza kwa nini, kwa sababu wewe humjui baba yangu mdogo, na pengine hutanicheka kama ndugu zangu wanavyonicheka.

Baba mdogo Deo alimaliza chuo akarudi kwetu Nyanga kusubiri kazi. Kazi haikuja. Alichokuwa nacho ni begi la mgongoni la mitumba, kubwa, lenye mikanda mingi ambayo mingine hakujua inafunga nini. Ufukweni mjini alikuwa amezoeana na vijana wa Kizungu waliozunguka dunia na mabegi ya namna hiyo, wakila mkate mkavu na kulala popote penye bei ya chini. Akawahusudu vibaya. Likizo moja akatangaza kwamba naye atavizunguka visiwa vya Muleba, tena bila kulipia hata kitanda, na mimi, Koku, mwanafunzi wa darasa la tatu, nitakwenda naye. Mama aliniruhusu kwa furaha, akidhani naonyeshwa dunia. Kumbe nilikuwa sehemu ya mizigo. "Mtu mwenye mtoto hafukuzwi," baba mdogo aliniambia tulipokuwa ndani ya boti, akacheka, nami nikacheka naye.

Mbinu yake ilikuwa hii. Kwetu Wahaya kila ukoo una omuziro wake, yaani mwiko, kile kitu ambacho watu wa ukoo huo hawakili, na wengine hata hawakigusi. Watu wa ukoo mmoja wakikutana, hata kama hawajawahi kuonana, ni ndugu, na habari ya kuulizana utalala wapi inaishia hapo. Mgeni mwenye adabu hujitambulisha kwanza. Baba mdogo aliwaacha wenyeji watangulie. Alisalimia, akaisifia migomba, kisha akauliza kwa sauti ya upole, "Na hapa tumefika kwa akina nani?" Wakishautaja ukoo wao, alijipiga kifua. "Ah! Kumbe nimefika nyumbani!"

Kwa hiyo kisiwani Bumbire nilibadili ukoo karibu kila tulipobadili nyumba. Nyumba ya kwanza tulikuwa hatuli senene, na siku hiyo hiyo jirani akaleta bakuli la senene wa kukaanga. Nilikaa nimefumba mdomo huku machozi yakinilengalenga. Nyumba iliyofuata ilikuwa ya wavuvi, na kwao kamongo alikuwa ruksa. Walitulisha mpaka tukashindwa kuinama, na tulipoondoka wakatufungia kipande kinene kwenye jani kavu la mgomba, tule njiani. Kila mahali tulitandikiwa nyasi mpya sebuleni, tukapewa kahawa ya kutafuna, na watoto wa pale walinishika mkono wakanipeleka kuoga ziwani. Niliwapenda wale watu. Baba mdogo alikuwa anaigiza, mimi nilikuwa nimeamini kabisa kwamba nina ndugu wengi kiasi kile.

Ndipo tulipofika kwa Bibi Paskazia. Alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye kibanja cha migomba na mibuni juu kidogo ya mwalo, pale boti za wavuvi zinapofikia. Nilipiga magoti nikamsalimia. Baba mdogo akauliza swali lake. Bibi akautaja ukoo wa marehemu mumewe, akaongeza kwamba wao omuziro wao ni kamongo, na yeye tangu aolewe hajamgusa. Kamongo wetu alikuwa ndani ya begi, mgongoni kwa baba mdogo. Baba mdogo hakupepesa hata jicho. "Kumbe nimefika nyumbani!"

Wenyeji wengine wote kabla yake walikuwa wakicheka na kutukumbatia. Bibi Paskazia alishika mashavu akaanza kulia.

"Mwanawange," alisema, "Mungu amekuleta leo hii?"

Watoto wake wote walikuwa wametangulia mbele ya haki, na shemeji yake alikitaka kibanja. Asubuhi ya kesho yake wazee wa ukoo wangekaa pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Shemeji alikuwa amekwisha kutamba kisiwa kizima kwamba hakuna mwanamume hata mmoja wa ukoo atakayekaa upande wa yule mwanamke, na mwanamke asiye na mtu atatoka na vyungu vyake tu. Bibi alihitaji mtu mmoja.

Baba mdogo alikohoa kidogo. Aliuliza kama kuna maji ya kuoga.

Gauni langu lilikuwa limejaa utomvu wa migomba. Bibi akaniambia nimvulie alifue, akalichukua begi uani atafute nguo ya kunibadilishia. Mimi nilikuwa nachezea vifaranga. Nilipogeuka nilimwona amechuchumaa kando ya jiko, ananawa mikono kwa majivu. Alisugua, akasuuza, akachota majivu mengine akasugua tena mpaka viganja vikawa vyekundu. Kisha akakaa akiitazama migomba yake. Nilidhani amechoka. Baadaye aliinuka, akamkamata yule kuku mwenye vifaranga, kuku pekee aliyekuwapo pale, akamchinjia baba mdogo.

Jioni tulikula kuku na ndizi juu ya nyasi mpya, vifaranga wakilia nje. Bibi hakula. Alikuwa akimtazama baba mdogo tu.

"Kesho wataniuliza mtu wangu yuko wapi," alisema taratibu. "Wewe useme, 'Mimi hapa.' Basi. Usiseme neno jingine lolote, mwanangu, wala wasikuulize la babu wala la bibi. Yote nitajibu mimi. Wewe useme tu, 'Mimi hapa.'"

"Bila shaka, mama," alijibu baba mdogo, akaomba paja la pili.

Alfajiri Bibi alipokwenda kisimani kuchota maji ya chai yetu, baba mdogo alinivuta mkono. Gauni langu tuliliacha kambani, bado bichi. Tulishuka mwaloni mbio na kuiwahi boti ya wafanyabiashara wa dagaa. Niliuliza, "Na Bibi je?" Akaniambia hayo ni mambo ya ukoo wao, hayatuhusu. Boti ilipogeuka nikamwona. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, ndoo imejaa maji mkononi, amesimama pale mchanga unapoanza. Hakutuita. Nilimpungia, maana nilidhani amekuja kutuaga.

Njaa ilipobana, baba mdogo alifungua begi akatoa kamongo. Nakumbuka jani lilikuwa bichi, la kijani kibichi, limefungwa upya kwa ustadi, kwa kamba ya mgomba. Nilishangaa kidogo tu, halafu nikala. Alikuwa mtamu sana.

Mwaka jana sokoni nilimsikia muuza samaki akizungumza kwa lafudhi ya visiwani, nikamuuliza habari za Bibi Paskazia. Akanieleza huku akifukuza nzi. Kwenye kikao, shemeji aliuliza mtu wako yuko wapi, Bibi akajibu amekwenda kuoga ziwani, anakuja. Wakangoja. Jua lilipowaka sawasawa wakaanza kumcheka, hata wale waliokuwa wakimhurumia. Alitoka na vyungu vyake. Tangu hapo aligeuza dagaa wa watu kwenye mchanga, kwa ujira wa dagaa, mpaka alipokufa.

Baba mdogo sasa anatembeza watalii mjini, na kila sherehe ya familia lazima asimulie. "Watu wakarimu wale! Nilikuwa ndugu wa kisiwa kizima!" Ukumbi wote hucheka. Nilipomweleza habari za Bibi, alisikitika kwa dakika moja, akasema, "Lakini Koku, ningefanyaje? Mbele ya wazee, mbele ya mwenyekiti, nisimame nidanganye?"

Ndipo nilipolielewa lile jani. Bibi alimkuta kamongo ndani ya begi, akamshika kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga upya asiharibike, na tangu saa hiyo alijua sisi si ndugu zake. Ndiyo maana alimfundisha baba mdogo la kusema. Kuku wake alimchinjia mwongo, akiwa na akili zake timamu, kwa sababu mwongo ndiye aliyekuwa amebaki. Alichoomba ni uongo ule ule tuliokuwa tukiula nyumba hadi nyumba, usemwe mara moja zaidi kwa ajili yake. Na ni siku hiyo tu, kisiwa kizima, baba yangu mdogo aliamua kuwa mkweli.