Jiwe la Ndani ya Uzio

Pale Rahaleo, mtaani kwetu Mtwara, ilijulikana kwamba jeneza la baba yangu lilizikwa likiwa na gogo la mgomba. Hakuna aliyetuambia usoni. Tuliyasikia bombani tukipanga ndoo, na shuleni kwa watoto wenzetu ambao walikuwa wameyasikia kwa mama zao. Habari yenyewe ilikuwa hivi: yule karani wa posta, mtu wa bara, alivuka Ruvuma akamfuata mwanamke Msumbiji, na serikali kwa kuona aibu ya mtumishi wake ikailetea familia mgomba ndani ya sanduku zuri.

Chanzo chake kilikuwa kimoja tu. Watu hawakuonyeshwa uso. Sisi watu wa Upareni hatuzikani bila kuagana, na wenyeji wa Mtwara nao wana namna yao ya kumtazama marehemu kabla hajafunikwa. Baba aliletwa na gari la jeshi, jeneza limekazwa kwa skrubu, na afisa mmoja mwenye miwani akamwambia mama kwamba ilikuwa ajali ya gari, hali ya mwili si nzuri, na jeneza halifunguliwi. Kina mama waliokuwa wamejipanga kuaga walirudishwa kwenye mikeka. Mama aliomba afunguliwe yeye peke yake, akakataliwa. Nilikuwa darasa la pili, na siku ile nakumbuka zaidi kanga za watu kuliko jeneza.

Mama alikuwa muuguzi. Ndugu zake walimwita arudi Upareni, naye akawajibu kwamba wagonjwa wa Mtwara nao ni watu. Alitulea mimi na mdogo wangu wa kiume katika nyumba ileile, jirani wa ukuta mmoja na mwanamke wa Kimakonde ambaye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa ile habari ya mgomba. Walisalimiana kila asubuhi, wakaazimana chumvi na kinu. Mimi yule jirani sikumpenda, na wala sikulificha hilo.

Niliposomea ualimu nikapangiwa Mpapura, na baadaye nikahamishiwa mjini. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilipoanza kupata mshahara wa kueleweka, jambo la kwanza nililotaka ni kulijengea kaburi la baba. Kila familia ya Kikristo niliyoijua ilikuwa imejengea makaburi yake kwa saruji, hata kama ni kwa kuyapaka tu juu. La baba lilikuwa tuta la mchanga na msalaba wa mbao, ambao tuliubadilisha kila mchwa walipoumaliza. Mama alikataa. Nikamwambia nimeshaongea na fundi. Akaniambia nikaongee naye tena, nimwambie hapana.

Tuligombana juu ya hilo kila Krismasi. Kilichoniuma ni kwamba Rahaleo nzima ililiona lile tuta na kulitolea tafsiri yao: hata mkewe haoni sababu ya kupoteza saruji kwa mgomba. Niliona mama anawasaidia wambea kazi yao.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Baba alikuwa na tabia ya kuhesabu kwa sauti ndogo. Wiki nzima alikuwa kazini upande wa Msimbati, ambako tuliambiwa anatengeneza nyaya za simu, na mwisho wa juma alirudi nyumbani akiwa bado anahesabu, anaponyoa ndevu, anapofunga viatu. Um, doishi, treshi, kwatru, sinku. Kwa kuwa wazazi wetu waliposema mambo yasiyotuhusu walitumia Kipare, mimi na mdogo wangu tuliamini kwamba hicho ndicho Kipare. Watoto wa watumishi tuliozaliwa Mtwara tulikuwa hivyo, lugha ya kwetu tuliijua kwa kudokoadokoa. Tulipopelekwa likizo Upareni tukamhesabia bibi kwa madaha makubwa mpaka kumi. Bibi alimgeukia mama akamuuliza watoto hawa huko pwani wanalishwa nini. Mama alicheka sana. Baba hakucheka, na tangu siku hiyo hakuhesabu tena nyumbani.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Msumbiji ilipokwisha, watu wa ng'ambo walianza kuvuka kwa wingi kuja kuuza na kununua. Siku moja sokoni nikamkuta mchuuzi wa ng'onda, wale samaki wa kupasuliwa na kukaushwa juani, anampangia mteja samaki huku akihesabu. Nikajikuta nahesabu pamoja naye. Alifurahi, akadhani mimi ni mtu wa kwao. Nikamuuliza hiyo ni lugha gani.

"Kireno, dada. Kwani wewe umejifunzia wapi?"

Nilifika nyumbani na ng'onda nisiowahitaji. Mama alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia kile baba alichokuwa anahesabu hakikuwa Kipare.

"Najua," akasema. "Mpare ni mimi."

"Ulijua ni Kireno?"

"Nilijua si Kipare. Mengine nilikatazwa kuuliza, na siku ya mazishi nikaapishwa nisiulize tena."

Akaendelea kuchambua. Kisha, bila kuinua kichwa, akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kwamba yeye pia hajui kilichomo mle kaburini. Mtu anayejua lugha ya ng'ambo hakosi watu ng'ambo. Kwamba yale maneno ya bombani anayajua yote, na kuna siku anayakataa na kuna siku anayaamini.

"Sijengei kitu nisichokijua," akasema. "Nikipaka saruji nitakuwa nimesema yumo. Na nikiung'oa msalaba nitakuwa nimesema hayumo. Kwa hiyo acha mchanga ukae."

Sikumwambia tena habari ya fundi. Nilihuzunika kwa ajili yake, na nilimkasirikia baba, awe ng'ambo au awe mchangani.

Kila mwaka Siku ya Mashujaa mama alikwenda kusimama nyuma ya watu kwenye mnara. Alitazama wakubwa wakiweka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, na mashada ya maua, kila mmoja na chake. Nilidhani anapenda bendi. Sasa nikaelewa kwamba alikuwa anasubiri kuona kama kuna mtu atatamka lolote juu ya baba.

Aliyetamka alipatikana miaka ya elfu mbili, mimi nikiwa mwalimu mkuu msaidizi na mama ameshastaafu. Walikuja vijana wawili wa adabu, kwa gari jeupe lisilo na maandishi. Wakasema serikali imewakumbuka wenzao wa zamani waliofia kazini kwenye shughuli za mawasiliano, na limejengwa jiwe la kumbukumbu, mtaa wa Shangani, ndani ya uzio wa ofisi yao. Familia inaruhusiwa kuleta watu wawili. Picha haziruhusiwi, na tukitoka pale tusilizungumze.

"Majina yatasomwa?" mama akauliza.

"Hapana, mama."

"Yameandikwa kwenye jiwe?"

"Hapana, mama. Ni utaratibu."

"Kwa hiyo mnanialika kuja kuangalia jiwe."

Wale vijana wakatazamana. Mama akawaambia atakuja.

Tulikwenda mimi na yeye. Uzio ulikuwa na michongoma upande wa nje na maua upande wa ndani. Palikuwa na viti vya plastiki, soda, na familia chache ambazo hazikusalimiana kwa sababu kila moja iliogopa kuijua nyingine. Nilimwona mzee wa Kihindi mwenye duka Mikindani, ambako nilikuwa nikinunua chaki na madaftari ya shule. Hakuonyesha kunijua, nami nikafanya vivyo hivyo. Jiwe lenyewe lilikuwa jeusi, limeng'arishwa, limeandikwa: Kwa wenzetu waliokuwa kazini. Mkubwa mmoja kutoka Dar es Salaam alihutubia kwa muda mrefu bila kusema chochote. Ni kipaji.

Wakati wa soda alitujia mzee mmoja mwenye fimbo. Alimsogelea mama, akavua kofia.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikuwa nakaa naye chumba kimoja."

Mama akamtaka aketi. Mzee akaniangalia, mama akamwambia huyu ni mwanangu, sema. Naye akasema, taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliokufa ganzi.

Wakati wa vita ya kuikomboa Msumbiji walikuwa wanasikiliza redio za jeshi la Wareno upande wa pili wa mto. Wareno walisoma tarakimu tupu, mafungu kwa mafungu, na kazi ilikuwa kujua nyuma ya tarakimu kuna nini. Wengine walikuwa wanaandika tu. Baba ndiye aliyekuwa anafungua. Aligundua kwamba kituo kimoja cha Wareno karibu na mlango wa mto kilikuwa kinaanza kila asubuhi kwa kutoa taarifa ya maji, kama yamejaa au yamekupwa, kama mashua zinapita au hazipiti. Na mto ni mmoja. Yaliyokuwa yanaonekana kwao yalionekana na kwetu. Kwa hiyo baba alikuwa anauliza wavuvi hali ya mto asubuhi ile, kisha anakaa na tarakimu za asubuhi ileile, anazilinganisha mpaka maneno yanajitokeza. Akishapata maji, kujaa na kupwa, anaanza kupata na mengine: gari, askari, kesho.

"Mara nyingi watu walihamishwa kijiji kabla ndege hazijaja," mzee akasema. "Hawakujua ni nani aliyewaambia."

Kisha Wareno wakabadilisha tarakimu zote. Baba akabaki hana kitu. Wavuvi nao walikuwa wameshakimbia, hakuna wa kumuuliza mto ukoje. Akachukua Landrova na dereva, akaenda kuutazama mwenyewe. Walikuwa wanarudi. Bomu lilikuwa limetegwa njiani.

Mimi nilikuwa nalia tayari. Mama hakuwa analia. Alikuwa amemkazia mzee macho kama anavyomtazama mgonjwa anayedanganya kwamba amemeza dawa.

"Shemeji, wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alikuwa amevaa nini?"

Mzee akafikiri. "Suruali ya kaki. Shati lilikuwa limeraruka, tukalitoa. Ndani alikuwa na fulana nyeupe. Hapa begani imeshonwa kwa uzi wa kijani. Nilishangaa kwa nini kijani."

"Uzi mweupe ulikuwa umeisha," mama akasema.

Mikono yake ilikuwa imeshika chupa ya soda ambayo hakuinywa. Kisha akauliza lile lililoileta miguu yake pale.

"Na uso?"

"Uso haukuwa na kitu, shemeji. Ni miguu na tumbo. Taya nilimfunga mimi kwa leso yangu, na macho nilimfumba mimi."

"Kwa hiyo ningeweza kumwona."

"Ungeweza. Walisema mtu akiona majeraha yale atajua si ajali, na akijua si ajali atauliza karani wa posta alifuata nini mtoni. Nilikatazwa kuja kwako. Nimekatazwa mpaka juzi."

Mama aliweka chupa chini. Akafungua kanga ya begani, akajifunga kiunoni, akakaa chini kwenye nyasi mbele ya lile jiwe na kuachia kilio. Hakikuwa kilio cha kumbukumbu, cha leso na pua. Kilikuwa cha msiba mbichi, kile anacholia mtu aliyepewa habari sasa hivi, akimwita mumewe kwa jina, akimuuliza amemwacha na nani. Jina ambalo hawakutaka kuliandika wala kulisoma lilisikika mpaka barabarani. Mkubwa wa Dar es Salaam alisimama. Kijana mmoja wa adabu akainama akamwambia, "Mama, tafadhali, mahali hapa..." Nikamwambia anyamaze yeye kwanza. Alinyamaza.

Tulirudi nyumbani kwa gari lao. Tulipofika mama aliingia sebuleni, akatandika mkeka chini, akakaa akiwa amejifunga kiunoni vilevile, miguu ameinyoosha. Mdogo wangu, ambaye alikuwa anafanya kazi bandarini na siku hiyo alikuwa mapumziko, alinitazama. Nikamwambia kwa kifupi tulichoambiwa. Alinyanyua kochi upande mmoja, mimi nikashika upande wa pili, tukalitoa nje. Kisha meza, kisha viti na kabati la vyombo.

Mtwara samani zikitolewa nje mchana watu hawahitaji kutangaziwa msiba. Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa ukuta mmoja, amezeeka sasa, na bakuli la unga mkononi kama ilivyo desturi. Alisikia kilio cha mama ndani. Akasimama mlangoni, akatutazama mimi na mdogo wangu mmoja baada ya mwingine, akihesabu nani hayupo.

"Kunani, wanangu? Nani kafa?"

Tulikuwa tumekatazwa kusema jiwe, kusema redio, kusema mto. Hilo moja hatukukatazwa.

"Baba," nikasema.

Akanipa lile bakuli la unga, akavua ndala zake, akaingia akakaa mkekani kando ya mama, na akaanza kulia naye.