Mstari wa "Kwao" Niliomjazia

Kwetu mtoto wa ndugu yako akishaletwa kwako kusoma, ni wako. Ukimwita mgeni, watu watakushangaa. Binti wa mdogo wangu aliletwa kwangu Ng'ambo, mjini Unguja, kutoka kisiwa cha Tumbatu akiwa na miaka kumi na tatu, hata kugawanya hajui, maana skuli yao ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu. Kila alasiri nilimkalisha jikoni na daftari lake, mimi nakuna nazi huku namsahihisha.

Ikaja fomu ya skuli ya bweni ya sayansi. Zilikuwamo nafasi zilizotengwa kwa watoto wa visiwa vidogo, na nafasi hizo zilikuwa zikinikera. Mimi mwalimu, nimeshawaambia wenzangu mara ngapi: Katiba imesema watu wote ni sawa, basi huyu apite kwa alama chache kwa nini? Penye mstari wa "kwao", nikaandika Ng'ambo.

"Mama mkubwa, si uandike Tumbatu?" binti akaniuliza.

"Ebo! Hapa unapokula na kulala si kwenu? Wewe si mtu wa kuhurumiwa."

Akarudi kwenye daftari lake. Nilimlea asibishane na mkubwa.

Alikosa kwa alama mbili. Kwa zile nafasi za visiwani alama zake zingetosha na kubaki. Nikakimbilia ofisi ya skuli hiyo, nikalia mbele za watu, nikaeleza alikoanzia kusoma. Bibi wa pale akanigeuzia fomu.

"Mwalimu, mwandiko huu si wako?"

Ulikuwa wangu. Akasema orodha imeshafungwa, nafasi kapewa mwengine, naye kastahiki.

Nikenda Mkokotoni, nikavuka bahari hadi Tumbatu kumwambia mdogo wangu. Laiti angenigombeza! Alinipakulia wali, akauliza tu, "Dada, ulikuwa ukituonea haya?"

Nikamwambia hapana, nilitaka usawa. Lakini tangu niolewe mjini, sijamwambia mwalimu mwenzangu hata mmoja kwamba nimezaliwa Tumbatu.

Mwezi uliopita binti kaja na fomu ya chuo cha ushoni. Yeye aliyekuwa akitaka udaktari. Nikaivuta kwangu kama kawaida, nikatafuta kalamu. Akaitoa mkononi mwangu taratibu, kwa adabu zake zote.

"Hii ntajaza mwenyewe, mama mkubwa."