Ukoko wa Birika

Dada yangu aliporudi kijijini kwetu Kakese kwa likizo, mama alikuwa ameshaamua kwamba harudi tena melini.

Dada ni injinia kwenye meli ya mafuta. Hushughulika zaidi na boila, mtambo unaochemsha maji ili mvuke wake upashe joto mafuta mazito yasigande. Mama hajawahi kuiona bahari. Alichojua ni kwamba safari iliyopita mrija mmoja wa boila ulipasuka na mwenzake dada akaungua mikono yote miwili.

Hakukataza kwa ukali. Alikataza huku akipepeta mchele au akifukuza kuku.

"Mpanda mjini mashine za kukoboa zimejaa, zote zinataka fundi. Kwa nini ukawachemshie watu maji huko?"

"Mama, mashine ya kukoboa na boila wapi na wapi?"

"Zote si zinapiga kelele?"

Dada alikuwa anacheka tu, lakini begi lake alikuwa hajalifungua lote. Kuondoka bila baraka ya mama hakuweza, na kuiacha kazi hakutaka. Mimi niliishi nao nyumba moja na niliona wote wawili wanalizunguka jambo hilo bila kuligusa.

Asubuhi moja mama alipokwenda misa, dada alichungulia ndani ya birika la chai. Ni la alumini, limenizidi umri. Maji ya kisima chetu ni magumu, na miaka yote hiyo yalikuwa yameacha humo ukoko mweupe, mnene kama ganda la karanga. Mama aliupenda. Aliamini birika lenye ukoko haliungui na chai yake hainuki bati. Asili yetu ni Mpimbwe, kwa watu wa mpunga, na kwetu ukoko ni neno tamu. Watoto bado wanagombania ule wa wali chini ya sufuria. Dada akakamua ndimu kwenye maji, akachemsha, akasugua.

Mama aliporudi, birika lilikuwa linang'aa.

"Nani kanivulia birika langu nguo?"

"Mimi, mama. Ukoko ule unakula mkaa wako bure."

Mama akalijaza maji, akalibandika. Punde tukasikia makaa yanalia. Tone moja, kisha jingine. Birika lilikuwa linavuja.

Mama alicheka mpaka akaushika mwimo wa mlango. "Haya, injinia! Ukoko ndio ulikuwa umelishikilia, we umelichokoza!"

Dada naye alicheka. Halafu akamwaga maji, akaligeuza birika, akapitisha kidole pale palipoliwa. "Tundu lilikuwepo, mama. Ukoko ulikuwa unalificha tu."

Kicheko cha mama kikaisha. "Na lile boila la melini, nalo lilikuwa limeficha?"

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza. Dada akavuta kigoda.

"Wali ukishika ukoko mnene, chini sufuria inaungua na juu mchele bado mbichi. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Na mrija ni hivyo hivyo. Ukoko unazuia moto usifike kwenye maji, moto unabaki kwenye chuma. Chuma kinalainika, siku moja kinapasuka."

Akaeleza kwamba maji ya boila husafishwa kwanza yasibaki na chumvi, maana ndiyo inayoganda ikawa ukoko. Safari ile, kifaa cha kupozea mvuke kwa maji ya bahari kilitoboka, na maji hayo yakawa yanapenya kidogo kidogo. Kipimo cha kila siku kingeonyesha. Lakini bandarini kazi zilikuwa nyingi, na kupima kukasogezwa kesho, na kesho tena.

"Wewe ndiye uliyesogeza?"

"Hapana. Maji hayakuwa zamu yangu. Safari hii ndiyo wamenikabidhi mimi. Chumvi ikipanda nitasema, tutafute inapoingilia, tumwage tope linalotuama chini ya boila, tufungue tukague mirija."

"Na usipokwenda?"

"Atapima mwingine. Au hatapima."

Mama akalichukua birika, naye akapitisha kidole kwenye tundu. Kesho yake alilipeleka birika kwa fundi likazibwa, na tangu hapo nimemwona mara nyingi akilichungulia kabla ya kulitia maji. Nadhani muda wote ule alikuwa anaogopa kitu asichoweza kukifikiria. Sasa kilikuwa na umbo, na tundu lake aliligusa kwa kidole.

Siku ya safari alikuwa amesema hatasindikiza. Tulipofika stendi ya Mpanda tulimkuta ameshatangulia kwa bodaboda, ameshika chupa ya maji ya baraka kutoka parokiani.

"Padri ametia chumvi humu," akasema.

"Mama..."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mapema. Haya ni ya kujipaka wewe. Boilani usitie hata tone."