Pedali Iliyolia

Juzi, hapa Galbet, nilimwona kijana akizamisha tyubu ya baiskeli kwenye karai la maji, akitafuta pancha. Harufu ya gundi ya viraka ikanirudisha uani kwetu, kwa baba yangu, niliyemwita Aabo.

Kila Ijumaa baada ya swala, Aabo aliipindua baiskeli yake magurudumu juu, akaifuta vumbi, akatia mafuta kwenye mnyororo na pedali. Mwisho aliitosa tyubu karaini, maana miiba ya migunga haikosi. Viputo vilipanda, nami nikaamini baiskeli inakunywa maji kama ngamia wetu.

Ijumaa moja Aabo alikuwa Kotile kuangalia mifugo. Jua lilikuwa kali, nikaionea baiskeli huruma. Niliimiminia jagi zima, tena kwenye pedali, kwa kuwa mafuta aliitilia hapo.

Aliporudi baada ya siku nyingi, pedali ilikuwa imeshika kutu, na alipoikanyaga ililia kwii, kwii.

"Nani amemwagia hii maji?"

"Mimi, Aabo. Ilikuwa na kiu."

"Mashallah," akasema. "Basi imeshiba."

Tangu hapo, kila jioni niliisikia ile kwii ikija kutoka barabarani, nikakimbilia lango, nikijua baiskeli inanishukuru. Leo najua tone moja la mafuta lingeinyamazisha. Aabo aliendelea kutia mafuta kila Ijumaa, na kila Ijumaa aliiruka pedali ile.